Jalada kutoka Musoma

Mwaka 1988 mtu mmoja aliyekuwa ndani ya Gereza la Musoma alifungua shauri Mahakama Kuu ya Mwanza. Aliowashitaki walikuwa wawili: Mkuu wa Gereza la Musoma na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Masjala ikalipa namba 2 ya mwaka huo katika maombi mchanganyiko ya jinai, na mpaka leo wanafunzi wa sheria wa Mlimani wanalijua kwa jina la mwombaji: Chumchua Marwa dhidi ya Mkuu wa Gereza la Musoma.

Bwana jela anashitakiwaje? Katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza kuna ombi la zamani sana ambalo mtu aliyefungiwa huliwasilisha kwa jaji, akidai anayeshika funguo zake aje aeleze ni kwa mamlaka gani amemfungia. Ombi hilo haliulizi kama mtu ameiba au hakuiba. Linauliza karatasi. Kama karatasi ipo na ni halali, mtu anarudi ndani. Kama haipo, au ipo lakini sheria iliyoizaa ni batili, mlango unafunguliwa siku hiyohiyo.

Karatasi ya Musoma ilikuwapo. Haikuwa hukumu ya hakimu, kwa maana hakuna mahakama iliyokuwa imemtia mwombaji hatiani. Msingi wake ulikuwa Sheria ya Kuhamisha Watu ya mwaka 1921, Sura ya 38 katika vitabu vya mkoloni. Kwa sheria hiyo Gavana, na baada ya Uhuru Rais, aliweza kumng'oa mtu sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine, akishaambiwa kwa kiapo kwamba mtu huyo ni hatari kwa amani na utulivu. Hakukuwa na kesi. Mhusika hakuitwa kujieleza, wala hakuwa na pa kukata rufaa. Wakati taratibu za safari zikisubiriwa, aliwekwa rumande.

Anayeijua Mara hatauliza kwa nini sheria ya namna hiyo ilikuwa na kazi nyingi huko. Mkoa unapakana na Kenya, na wizi wa ng'ombe una historia ndefu, hasa upande wa Tarime na Serengeti. Mzee anaamka asubuhi anakuta zizi tupu, nyayo zinaelekea mpakani. Jirani aliyeona haongei, kwa kuwa waliokuja usiku ule wanajua nyumba yake. Polisi wanamkamata mtu ambaye kijiji kizima kinasema ndiye, wanamfikisha mahakamani, shahidi haji, hakimu anamwachia. Wiki inayofuata mtu yuko sokoni, anacheka. Mkuu wa wilaya aliyechoshwa na mzunguko huo aliiona sheria ya 1921 kama dawa: mpeleke mbali na ng'ombe za watu. Sina haja ya kumcheka mkuu wa wilaya huyo. Wenye mazizi nao walikuwa raia, na walikuwa wengi.

Tatizo ni kwamba dawa ile haikuwa na kipimo. Kwa utaratibu uleule uliotumika kumhamisha mwizi sugu, mtu angeweza kuhamishwa kwa kuwa amegombana na mtendaji wa kijiji, au amekosana na ndugu yake juu ya shamba, na hakuna jaji ambaye angejua. Yalikuwa yametokea. Mwaka 1980 sheria za kuwekwa kizuizini zilifika mahakamani kutoka upande wa Arusha, katika shauri la Lesinoi Ndeinai, na mahakama ikawaambia watendaji kwamba kama sheria imewapa makali ya kiasi hicho basi lazima wafuate kila nukta yake. Lakini mwaka ule mahakama haikuweza kwenda mbali zaidi ya nukta. Haikuwa na kipimo cha kuipimia sheria yenyewe. Katiba haikuwa na orodha ya haki.

Orodha hiyo ilikuwa imekataliwa, na hapo ndipo barabara inapokata kwenda Butiama, kijiji kilicho kilomita zisizozidi 50 kutoka Musoma.

Julius Nyerere, mwana wa kijiji hicho, alikuwa ameionja kesi ya serikali mwilini mwake. Mwaka 1958 gazeti la chama, Sauti ya TANU, lilichapisha makala yake iliyowashutumu maofisa wa kikoloni, na serikali ikamfungulia mashitaka ya kashfa ya jinai kwa ajili ya wakuu wa wilaya wawili wa Kizungu. Alitetewa Dar es Salaam na D. N. Pritt, wakili wa London aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Agosti ya mwaka huo alitiwa hatiani, akaambiwa achague: faini ya Sh3,000 au kifungo cha miezi 6. Akalipa. Wapo waliotamani aende jela, maana jela ilikuwa imewatengeneza viongozi wengi wa enzi zile. Yeye alikuwa na uchaguzi mbele yake, na gavana mpya, Sir Richard Turnbull, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amewasili.

Mtu angedhani aliyepita njia hiyo angekuwa wa kwanza kuidai hati ya haki za raia. Ikawa kinyume. Waingereza walipokuwa wakiwaachia wengine makoloni kwa katiba zenye sura nzima ya haki, Tanganyika ilikataa sura hiyo mwaka 1961, ikakataa tena ilipokuwa Jamhuri mwaka uliofuata. Mwaka 1965, chama kilipokuwa kimoja, haki zikawekwa kwenye utangulizi wa Katiba, mahali ambapo zinasomeka vizuri lakini hazimfungui mtu. Na mwaka 1962 Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomwezesha Rais kumfungia mtu bila kesi. Ile ya 1921 ikabaki kitabuni kama ilivyoachwa.

Hoja za serikali hazikuwa za kijinga. Majaji wa wakati ule karibu wote walikuwa wageni. Nchi ilikuwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Viongozi waliogopa kwamba hati ya haki ingekuwa ngao ya wenye mali dhidi ya serikali iliyotaka kugawa upya kilichokuwapo, na kwamba majaji wasiochaguliwa na yeyote wangekaa Dar es Salaam wakizifuta sheria za Bunge la wananchi. Mwalimu alilisema hilo waziwazi, na alikuwa na haki ya kulisema. Lakini hofu hiyo ilimhusu mwenye mali, na aliyekuja kulipa gharama yake ni mtu wa Tarime asiye na kitu, ndani ya chumba chenye harufu ya ndoo, Musoma.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo, hasa kutoka Zanzibar, katika mjadala wa Katiba wa 1983 na 1984. Sheria Namba 15 ya 1984 ikaingiza haki na wajibu wa msingi ndani ya Katiba yenyewe, kuanzia Ibara ya 12 hadi ya 29. Kisha sheria iliyoifuata, Namba 16, ikafunga breki: kwa miaka 3 mahakama isingeweza kuitangaza sheria yoyote kuwa batili kwa sababu ya haki hizo. Serikali ilisema inahitaji muda wa kusafisha nyumba, kuziondoa au kuzirekebisha sheria zinazokinzana na Katiba. Miaka 3 ikapita. Nyumba haikusafishwa kwa kiasi cha kumridhisha mtu yeyote. Machi 1988 breki ikafunguka, na jalada la Musoma likawa miongoni mwa ya kwanza kupita mlangoni.

Mahakama Kuu haikuwa na masjala Musoma wakati huo. Jalada lilisafiri kama abiria: Musoma, Bunda, Lamadi, Magu, hadi Mwanza. Huko lilimkuta Jaji James Mwalusanya.

Majaji wengi wa kizazi chake walikuwa na tabia ya kuandika kidogo na kuacha mambo makubwa kwa wakubwa wao wa Mahakama ya Rufani. Mwalusanya hakuwa wa namna hiyo. Aliandika kwa urefu, kwa hasira wakati mwingine, akivuta maamuzi ya India, vitabu vya wanazuoni, na mikataba ya kimataifa ambayo mawakili wa pande zote mbili hawakuwa wameitaja. Ndiye aliyeamua mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory kutoka Kagera, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Ndiye pia aliyeamua mwaka 1994, akiwa Dodoma, kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakinzana na Katiba, uamuzi uliobatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata. Waliompenda walimwita jaji wa wanyonge. Wasiompenda walisema anatunga sheria. Nadhani wote walikuwa wamesema kweli kwa sehemu.

Mbele ya jalada la Musoma swali lake lilikuwa jepesi kulitamka. Katiba sasa inasema mtu hanyang'anywi uhuru wake ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria, Ibara ya 15. Inasema mtu ana uhuru wa kwenda na kuishi anakotaka nchini, Ibara ya 17. Inasema haki za mtu zinapoamuliwa, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu, Ibara ya 13. Je, sheria inayomhamisha mtu kwao bila kumsikiliza inasimamaje mbele ya maneno hayo? Jaji akaamua haisimami. Sheria ya 1921 akaitamka kuwa ni batili.

Tusilikuze jambo kupita lilivyo. Mkuu mmoja wa gereza la mkoa alikuwa ameambiwa na jaji mmoja kwamba karatasi aliyonayo haitoshi. Lakini sheria iliyokuwa imepita mikononi mwa magavana wa Kiingereza na marais wawili, bila yeyote kuigusa, ilikuwa imeguswa. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991 kupima kama nchi iende kwenye vyama vingi, ilipotoa ripoti yake mwaka 1992 iliorodhesha sheria 40 kandamizi zinazohitaji kufutwa au kurekebishwa. Ya kuhamisha watu ilikuwamo.

Jalada la pili lilitoka Musoma mwaka 1989, safari hii Mahakama ya Wilaya, na mwenye kesi aliitwa Daudi Pete. Alishitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Akaomba dhamana, akanyimwa.

Asiyewahi kukaa kwenye korido ya mahakama ya wilaya siku ya dhamana hajui uzito wa neno hilo moja, akanyimwa. Karandinga linaingia asubuhi, mahabusu wanashuka wawiliwawili wakiwa wamefungwa pingu moja. Ndugu wamefika tangu alfajiri. Mjomba ana barua ya balozi au mtendaji, imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki na ina mhuri. Shangazi amebeba hati ya kiwanja. Wadhamini wawili wanaoaminika wamepatikana kwa taabu, mmoja ameacha duka. Kesi inatajwa, mwendesha mashitaka anasimama anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine baada ya siku 14. Kama kosa linadhaminika, barua ya mjomba inasomwa na jioni mtu yuko nyumbani. Kama halidhaminiki, bahasha inarudi mfukoni bila kufunguliwa, na itarudi hivyo kila baada ya siku 14, miezi, mara nyingine miaka.

Kilichomfunga mikono hakimu wa Musoma kilikuwa kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Kwa kifungu hicho, mtu aliyeshitakiwa kwa kosa lenye shambulio kubwa, au tishio la ukatili dhidi ya mtu mwingine, au kumiliki silaha ya moto au mlipuko, hapewi dhamana. Hakimu hatakiwi kuuliza kama mshitakiwa atatoroka, kama ana makazi, kama ni mgonjwa, kama ni mara yake ya kwanza. Anasoma hati ya mashitaka tu, na hati ya mashitaka inaandikwa na upande unaoshitaki. Kwa maneno mengine, anayeamua kama mtu atalala rumande ni anayechagua kosa la kuandika.

Ombi likapanda Mwanza, Mwalusanya akalipokea. Akakitangaza kifungu kuwa ni batili, akampa mwombaji dhamana. Sababu zake zilikuwa nyingi: kifungu kinamhukumu mtu kabla ya kesi, kinaingilia kazi ya mahakama, kinamnyang'anya mtu uhuru bila utaratibu. Mkurugenzi wa Mashitaka akakata rufaa.

Rufaa hiyo ndiyo iliyotoa uamuzi ambao kila wakili wa Tanzania anaufahamu. Uliandikwa na Jaji Mkuu Nyalali mwenyewe, na ndio uliokuja kuchapishwa katika taarifa za sheria za 1993 ukurasa wa 22. Hapo Mahakama ya Rufani ilipaswa kwa mara ya kwanza kueleza hasa Ibara za 12 hadi 29 zisomwe namna gani.

Nyalali alikuwa mtu wa tahadhari, na uamuzi wake unasomeka kama wa mtu anayevuka mto kwa kupima kila jiwe. Aliupokonya uamuzi wa Mwalusanya nguzo zake mbili kabla ya kukubaliana na mwisho wake. Kumnyima mtu dhamana, alisema, si sawa na kumwona mwenye hatia. Mtu anaweza kushikiliwa na bado akahesabiwa hana kosa mpaka ithibitike. Na Bunge likisema makosa fulani hayana dhamana, halijaingilia kazi ya mahakama, kwa kuwa Bunge linatunga sheria na mahakama inaitafsiri, na mgawanyo huo haujavunjwa. Serikali iliyokuwa ikisikiliza hadi hapo ilikuwa na kila sababu ya kutabasamu.

Kisha akageuka. Ibara ya 15 inaruhusu mtu kunyimwa uhuru, lakini kwa mazingira na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kifungu cha 148(5)(e) kimetaja mazingira, hakikuweka utaratibu wowote. Wapi mshitakiwa anasikilizwa juu ya kushikiliwa kwake? Hakuna. Serikali ilikuwa na ngazi ya pili ya kukimbilia, Ibara ya 30, inayoruhusu sheria kubana haki kwa ajili ya usalama wa jamii. Mahakama ikasema ndiyo, jamii nayo ina haki zake. Tena Katiba ya Tanzania, kama Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inamtambua mtu na jamii yake kwa pamoja, haki na wajibu vikikaa nyumba moja. Lakini sheria ya kubana haki lazima imguse anayestahili kubanwa. Hii inamgusa kila mtu. Anayeujua mwambao wa Musoma atanielewa nikisema kifungu kile kilikuwa kokoro: linavutwa hadi ufukweni likiwa na sangara aliyekusudiwa, na vifaranga vyote vya sato ambavyo havikumkosea mtu. Anayetishia kumpiga jirani kwa hasira na jambazi wa bunduki walikuwa ndani ya wavu mmoja. Kifungu kikaanguka, mwombaji akabaki na dhamana yake, Mkurugenzi wa Mashitaka akashindwa.

Miaka michache baadaye, katika shauri la Kukutia ole Pumbun lililotoka Arusha, mahakama hiyohiyo ilikichukua kipimo cha Daudi Pete na kukinoa: sheria inayobana haki isiwe ya kumwachia mtawala afanye apendavyo, na isibane kupita inavyohitajika. Kwa kipimo hicho ikaanguka sheria iliyomtaka mwananchi aombe ruhusa ya serikali kabla ya kuishitaki serikali. Ukitaka kujua haki za Mtanzania zinapimwaje mahakamani, unaanzia kwa mshitakiwa wa unyang'anyi wa Musoma. Si mwanasiasa wala mhariri wa gazeti. Ni mtu ambaye wengi wetu, tungekutana naye kwenye habari ya polisi, tungesema akae hukohuko ndani.

Wakubwa wa Mara nao walikwenda mahakamani, na kesi zao ndizo zilizouza magazeti. Bunda, 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. CCM ilimsimamisha Joseph Sinde Warioba, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu na kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. NCCR-Mageuzi ilimsimamisha Stephen Wassira, mwana wa Bunda pia, aliyekuwa ametoka CCM mwaka huohuo. Wassira akashinda. Warioba akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikautengua ushindi. Kilichobishaniwa zaidi ngazi ya juu hakikuwa tena nani alipata kura ngapi, bali kama jaji, akishaona vitendo vilivyokatazwa vimefanyika kwenye kampeni, anawajibika kumthibitishia hivyo Mkurugenzi wa Uchaguzi, uthibitisho unaoweza kumweka mtu nje ya uwanja kwa miaka. Shauri hilo liko katika taarifa za sheria za 1997, na wanaoendesha kesi za uchaguzi hawajaacha kulitaja. Mwaka 1996, kesi hiyo ikiwa imepamba moto, Warioba huyohuyo alikuwa akiongoza Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa. Wassira alirejea CCM na kurudi bungeni kwa jimbo lilelile la Bunda mwaka 2005.

Miaka 20 baada ya kesi ya kwanza, upepo ukageuka. Oktoba 2015 Wassira, sasa waziri na mgombea wa CCM, alishindwa na Ester Bulaya wa CHADEMA katika jimbo jipya la Bunda Mjini. Wapigakura wanne wakafungua shauri la kupinga matokeo, na sehemu ya mvutano ikawa kama mpigakura wa kawaida, asiyegombea, ana haki ya kuja mahakamani juu ya uchaguzi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliuacha ushindi wa Bulaya usimame. Kwa wanasheria kesi hizi za Bunda zina faida zake. Lakini ukiniuliza ni jalada lipi la Mara lililobadilisha maisha ya mtu asiyejulikana, nitakurudisha kwenye karandinga.

Serikali haikukaa kimya baada ya Daudi Pete. Mwaka 1994 Bunge lilitunga Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Kuanzia hapo shauri la kuipinga sheria kwa msingi wa haki lazima lisikilizwe na majaji watatu, na hata wakiiona sheria ni mbovu wanaweza kuipa serikali muda wa kuirekebisha badala ya kuifuta palepale. Wapo wanaosema ni busara tu, mambo mazito yaamuliwe na vichwa vingi. Mimi nikiisoma tarehe yake naona kivuli cha jaji mmoja wa Mwanza. Mwaka 2020 mlango ukabanwa tena: mwombaji akatakiwa aape kwamba sheria anayoilalamikia imemgusa yeye mwenyewe. Mtu wa Gereza la Musoma angekidhi sharti hilo bila taabu. Chama cha wanasheria au shirika la haki za binadamu lililotaka kumsemea mtu wa namna hiyo ndilo lililopata shida.

Na kifungu cha 148(5)? Kilipoteza kipengele kimoja, mwili ukabaki, ukanenepa. Unyang'anyi wa kutumia silaha uliingizwa kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, yakafuata mengine, hadi utakatishaji fedha. Mei 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, walikitangaza kifungu chote kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi wao. Ilisema Bunge lina mamlaka ya kuamua kwamba makosa fulani mazito hayana dhamana, na kwamba taratibu za kumfikisha mtu mahakamani zipo. Nguzo mbili ambazo Nyalali alizing'oa katika hukumu ya Mwalusanya zilikuwa zimefanya kazi yake, miaka karibu 30 baadaye, upande wa serikali. Ndivyo ilivyo kwa hukumu ya tahadhari: kila upande unapata humo pa kushika.

Musoma yenyewe, hatimaye, ikapata masjala yake ya Mahakama Kuu. Jalada halihitaji tena kupita Bunda na Magu. Na ni katika masjala hiyo ambapo Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili, katika shauri lililoihusu kampuni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wakisikiliza mashahidi kwa Kiswahili, wakiandika kwa Kiingereza, tangu mahakama hiyo ilipoanza. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Mahakama Kuu ikisherehekea miaka 100 jijini Dodoma, Rais John Magufuli alisimama jukwaani akamsifu Galeba na kutangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Uwanja ukashangilia. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Nakubaliana na hukumu ile, na bado sherehe ile inanipa shida. Jaji akipandishwa cheo jukwaani kwa kuandika kitu kilichompendeza Rais, majaji wengine wanasikia, na si kila jambo linalompendeza Rais litakuwa jema kama hilo. Mwalusanya, aliyempa mtu wa Musoma dhamana na kuifuta sheria ya magavana, alistaafu akiwa Jaji wa Mahakama Kuu.